Njia nne za kuandaa bajeti ya mji, na ipi inafaa wapi

Kila mji unaoandaa bajeti hufanya hesabu ileile: fedha zitakazoingia, fedha zitakazotoka, na nani ameruhusiwa kutumia kiasi gani. Kinachotofautiana ni kile ambacho baraza la madiwani linapigia kura mwishoni. Baraza linaweza kupitisha kiasi cha mafuta ya magari ya taka. Linaweza kupitisha huduma nzima ya usafi na kumwachia mkurugenzi agawe mafuta, matairi na mishahara anavyoona inafaa. Linaweza kudai kila huduma ijitetee upya kana kwamba haijawahi kuwepo. Linaweza pia kuwaachia wakazi wachague baadhi ya miradi wenyewe.

Njia hizo ni bajeti ya vifungu, bajeti ya programu, bajeti ya kuanzia sifuri na bajeti shirikishi. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya madiwani, waweka hazina na wakazi ambao mji wao unafikiria kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Msimamo wetu tunauweka mbele ili msomaji aupime anavyosoma: mji usiache bajeti ya vifungu kabla haujaweza kufunga hesabu zake na kuzikabidhi kwa wakaguzi kwa wakati. Njia nyingine zote hujengwa juu ya takwimu za vifungu, na takwimu zikiwa mbovu, njia mpya hubadilisha tu sura ya ubovu.

Kazi isiyoepukika kwa njia yoyote

Makisio ya mapato ndipo bajeti nyingi za miji huvunjikia. Chukua kodi ya majengo. Ankara zilizotumwa zinaweza kufikia jumla ya milioni 100, lakini ikiwa katika miaka mitatu iliyopita mji ulikusanya 70, 72 na 71 kwa kila 100 iliyodaiwa, kinachoingia kwenye bajeti ni milioni 71. Zile 29 zilizobaki ni madai, na madai hayalipi mishahara. Zinaandikwa mahali pake kwenye vitabu, na zikikusanywa baadaye zinaingia kama malimbikizo yaliyopatikana.

Kosa linalojirudia hutokea wiki ya mwisho. Matumizi yamezidi, hakuna mkuu wa idara anayekubali kukatwa, basi kiwango cha ukusanyaji kinapandishwa kutoka 71% hadi 85% ili safu mbili zilingane. Bajeti inafunga kwenye karatasi, kisha kufikia robo ya tatu ya mwaka wazabuni hawalipwi. Diwani anayetaka kulibaini aombe rasimu ya kwanza na rasimu ya mwisho, aweke safu za mapato ubavu kwa ubavu, na kwa kila tarakimu iliyopanda aulize ni sheria gani mpya, tathmini gani mpya ya majengo au wakusanyaji gani wapya walioleta ongezeko hilo. Kama jibu ni “tutaongeza juhudi”, tarakimu irudishwe ilikokuwa.

Mapato ya mara moja nayo yatengwe. Mji ukiuza kiwanja, fedha hizo zinafaa kujenga kitu au kulipa deni. Zikitumika kuajiri, mwakani mishahara ipo na kiwanja hakipo.

Upande wa matumizi, mishahara ihesabiwe nafasi kwa nafasi, kamwe isichukuliwe kama jumla ya mwaka jana pamoja na asilimia fulani. Orodha iwe na kila cheo, ngazi, nyongeza ya mwaka, mchango wa pensheni na tarehe ya kuanza kazi. Mtumishi atakayeajiriwa mwanzoni mwa mwezi wa tano wa mwaka wa fedha analipwa miezi 8, si 12. Kosa hilo likirudiwa kwenye nafasi 30 hufunga fedha nyingi ambazo idara itazitafutia matumizi mengine. Mwakani lakini nafasi hiyohiyo itagharimu miezi 12 kamili, na hilo ndilo jambo ambalo wachache hukumbuka kulieleza baraza.

Kuhusu akiba, chama cha maofisa fedha wa serikali nchini Marekani na Kanada, kinachojulikana kwa kifupi GFOA, kinashauri mfuko mkuu uwe na akiba isiyofungwa na masharti isiyopungua miezi miwili ya mapato au matumizi ya kawaida. Mji unaotegemea ruzuku inayochelewa, au chanzo kimoja kikubwa cha mapato, unahitaji zaidi ya hapo.

Muda pia hauna njia ya mkato. Sheria ya fedha za manispaa ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 ni kipimo kizuri hata kwa asiyeishi huko: ratiba ya bajeti huwekwa mezani miezi 10 kabla ya mwaka wa fedha kuanza, rasimu hufika barazani siku 90 kabla, na baraza hulazimika kuijadili ili kuipitisha angalau siku 30 kabla. Mji unaoanza kuandaa bajeti ukiwa umebakiza miezi mitatu hauna nafasi ya kuchagua njia. Utanakili ya mwaka jana, upende usipende.

Zikiwekwa pamoja

| | Vifungu | Programu | Kuanzia sifuri | Shirikishi |
|---|---|---|---|---|
| Baraza linapitisha nini | Kila aina ya matumizi kwa kila idara | Huduma na lengo lake | Viwango vya huduma vilivyopangwa kwa kipaumbele | Miradi iliyochaguliwa na wakazi |
| Swali kuu | Fedha zinanunua nini? | Fedha zinaleta huduma gani? | Huduma hii ibaki? Kwa kiwango gani? | Wakazi wanataka kipi kianze? |
| Sehemu ya bajeti inayoguswa | Yote | Yote | Ile isiyofungwa na sheria, mikataba na madeni | Sehemu ndogo ya fedha za maendeleo |
| Maandalizi ya mara ya kwanza | Miezi 4 hadi 6 | Mwaka mmoja au miwili | Miezi 8 hadi 10 | Mzunguko wa mwaka mzima |
| Huharibika kwa | Kunakili mwaka jana | Vipimo vingi visivyotumika | Wingi wa karatasi na vitisho vya idara | Miradi iliyochaguliwa kutojengwa |

Bajeti ya vifungu

Ilienea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, New York ikiwa mstari wa mbele, katika vita dhidi ya ufisadi kwenye serikali za miji. Hoja ilikuwa ya moja kwa moja: kila matumizi yakiandikwa kwa jina na kiasi, mkaguzi anaweza kulinganisha kilichoruhusiwa na kilicholipwa. Nguvu hiyo ipo hadi leo, na hakuna njia nyingine inayoifikia katika kuzuia fedha kupotea.

Utaratibu wake unafahamika. Mweka hazina hutoa waraka wa bajeti wenye ukomo wa kila idara, idara hujaza fomu, mweka hazina huzipitia na kukaa na wakuu wa idara, kamati ya fedha husikiliza, baraza hupitisha. Tatizo kubwa liko kwenye kujaza fomu. Ikiwa kila kifungu kinaongezewa 5% juu ya mwaka jana, hakuna aliyekadiria kitu. Pango la ofisi limefungwa na mkataba na halipandi kabisa. Dawa za kutibu maji zinaweza kupanda 20%. Kifungu cha samani kilichonunua meza mwaka jana hakina sababu ya kuwepo mwaka huu.

Dawa ni kudai kipimo na bei kwa kila kifungu kikubwa. Mafuta ya magari ya taka: magari 6, safari 2 kwa siku, siku 300, lita 15 kwa safari, jumla lita 54,000, mara bei ya lita. Diwani akiona mstari huo ana maswali manne ya kuuliza, kila moja lina jibu linaloweza kuhakikiwa kwenye daftari la safari. Akiona kiasi kitupu cha fedha, swali pekee alilonalo ni kwa nini kimepanda. Si lazima kila kifungu kifanyiwe hivi. Panga vifungu kuanzia kikubwa kwenda kidogo, chambua vya juu hadi ufikie 80% ya matumizi, vilivyobaki vipitishwe kwa makundi.

Udhaifu wa pili ni wingi wa vifungu. Mji ukiwa na vifungu 900 vinavyopigiwa kura kimoja kimoja, kila upungufu mdogo wa karatasi za ofisini unahitaji uhamisho wa fedha kati ya vifungu, na kamati ya fedha inageuka kuwa kamati ya uhamisho. Wasimamizi nao hujifunza kuomba zaidi ya wanachohitaji ili wasirudi kuomba. Kisha mwezi wa mwisho wa mwaka huja haraka ya kumaliza fedha, kwa sababu kinachobaki kinarudi hazina na mwakani ukomo unapunguzwa. Mambo yote mawili yanaweza kupunguzwa bila kuhama njia: unganisha vifungu vidogo hadi vifike 150 au 200, na ruhusu idara ihamishe ndani yake hadi kiwango fulani, tuseme 10% ya kifungu, mradi haigusi mishahara na inatoa taarifa kila robo mwaka. Miji mingi inayodhani inahitaji bajeti ya programu ingepata nafuu kwa marekebisho haya mawili tu.

Bajeti ya programu

Hapa matumizi yanakusanywa kwa huduma. Badala ya kuona mishahara ya wazoa taka kwenye idara ya afya, mafuta kwenye idara ya magari na gharama za dampo kwenye idara ya mazingira, baraza linaona programu moja ya usafi: milioni 36 kwa kuzoa na kutupa tani 12,000, yaani 3,000 kwa tani. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo faida yote ya njia hii. Inamwezesha diwani kulinganisha mwaka na mwaka, kata na kata, au wazoaji wa mji na mkandarasi binafsi.

Historia yake inafundisha tahadhari. Tume ya Hoover nchini Marekani ilipendekeza bajeti ya utendaji, inayofungamanisha fedha na kazi inayofanyika, mwaka 1949. Mwaka 1961 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliingiza bajeti ya programu katika wizara yake, mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliagiza wizara nyingine ziifuate, na mwaka 1971 agizo hilo likaachwa. Wizara zilizalisha uchambuzi mwingi kuliko uwezo wa yeyote kuusoma, wakati Bunge liliendelea kugawa fedha kwa mtindo wa zamani. Kwenye ngazi ya miji matokeo yamekuwa bora pale kazi ilipokwenda polepole. Mji wa Sunnyvale, California, umejulikana kwa miongo kadhaa kwa kuunganisha bajeti ya huduma na makadirio ya fedha ya miaka 20 mbele.

Kazi huanza kwa orodha ya programu. Mji wa kawaida unatosheka na 10 hadi 20. Uainishaji wa Umoja wa Mataifa wa kazi za serikali una makundi makuu 10, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu takwimu zitaoana na za taifa. Kosa la hapa ni kuzibatiza idara jina jipya: Idara ya Uhandisi ikiitwa Programu ya Uhandisi, hakuna kilichobadilika. Programu nzuri huvuka mipaka ya idara na hutajwa kwa kile mkazi anachopokea, kama barabara zinazopitika, maji, taka, masoko, au usalama wa majengo.

Kinachofuata ni kugawa gharama za pamoja, na hapa ugomvi hauepukiki. Mhasibu mmoja anahudumia programu zote. Umeme wa jengo kuu ni wa kila mtu. Unaweza kugawa kwa idadi ya watumishi, kwa eneo la sakafu, au kwa kiasi cha matumizi, na kila kigezo humfaidi fulani na kumwumiza mwingine. Ushauri wetu: gharama ambazo haziwezi kufuatiliwa kwa kigezo kinachoeleweka ziwekwe katika programu moja ya utawala, zionekane zilivyo. Mgawanyo wa kubuni hutoa gharama kwa tani isiyoaminika, na ikishashukiwa mara moja haitumiki tena katika mjadala wowote.

Vipimo viwe viwili hadi vinne kwa programu, si kumi na tano. Kimoja kipime wingi wa huduma, kimoja gharama kwa kipimo, kimoja ubora au matokeo. “Idadi ya mikutano iliyofanyika” si matokeo. “Asilimia ya mabomba yaliyopasuka na kutengenezwa ndani ya saa 48” ni matokeo, mradi mji una daftari la taarifa za mabomba. Kipimo kisicho na takwimu ya mwaka uliotangulia kisiwekewe lengo. Mwaka wa kwanza kipimwe tu.

Jambo linaloua bajeti za programu kuliko yote ni msimbo wa hesabu. Kila malipo yanapoandikwa kwenye mfumo wa hesabu yanapewa tarakimu za idara na za kifungu. Kama hakuna tarakimu ya programu, bajeti itaandaliwa kwa mkono mara moja kwa mwaka, itapitishwa kwa shangwe, na kufikia mwezi wa sita hakuna atakayeweza kusema programu ya usafi imetumia kiasi gani. Taarifa zitatoka kwa vifungu kama kawaida, na programu itabaki kuwa sura ya kitabu cha bajeti. Kwa hiyo msimbo ubadilishwe kwanza, mwaka mzima wa malipo upite ukiwa na tarakimu mpya, ndipo bajeti ya kwanza ya programu iandikwe. Ndiyo sababu jedwali letu linasema mwaka mmoja au miwili. Anayeahidi kwa miezi mitatu anaahidi kitabu tu.

Liko pia suala la madaraka, ambalo washauri hupenda kulipitia juu juu. Baraza likipiga kura kwa programu 14 badala ya vifungu 900, mkurugenzi anaweza kuhamisha fedha ndani ya programu bila kurudi barazani. Hilo ni jema pale ambapo taarifa za kila robo mwaka hutoka kwa wakati na ukaguzi wa ndani una meno. Pasipo hayo, madiwani wanakuwa wameachia kufuli moja bila kupewa jingine.

Kuanzia sifuri

Peter Pyhrr aliibuni njia hii katika kampuni ya Texas Instruments, Jimmy Carter akaitumia katika jimbo la Georgia, Marekani, alipokuwa gavana, na mwaka 1977 akaipeleka serikali kuu alipokuwa rais. Ronald Reagan aliiacha mwaka 1981. Wazo ni kwamba hakuna huduma yenye haki ya kubaki kwa sababu ilikuwepo mwaka jana.

Kila huduma huandikiwa ngazi tatu au nne: kiwango cha chini kabisa kinachoifanya huduma iwe na maana, kwa mfano 80% ya fedha za sasa, kiwango cha sasa, na nyongeza. Kila ngazi hueleza gharama, idadi ya watumishi, na nini kitatokea ikikosekana. Kisha ngazi zote za mji mzima hupangwa kwa kipaumbele, na mstari huchorwa pale fedha zinapoishia. Piga hesabu ya karatasi kabla ya kukubali: idara 12, huduma 8 kila moja, ngazi 3, ni karatasi 288 ambazo mtu lazima azisome zote na kuzipanga kwa mfuatano mmoja.

Sifuri yenyewe huwa ya jina zaidi. Mishahara ya watumishi wa kudumu, marejesho ya mikopo, mikataba inayoendelea, huduma zinazoamriwa na sheria na ruzuku zenye masharti haviwezi kuanzia sifuri. Ukivitoa hivyo, kinachobaki kinaweza kuwa sehemu ndogo mno kustahili kazi yote hii. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima sehemu hiyo. Ikiwa iko chini ya tano moja ya bajeti, acha.

Hila ya kuangalia ni mpangilio wa kipaumbele. Mkuu wa idara mjanja huweka huduma inayopendwa na watu mwishoni mwa orodha yake, kama taa za barabarani au gari la wagonjwa, akijua hakuna diwani atakayethubutu kuikata, na huduma zake dhaifu akazificha katikati. Njia ya kumzuia ni kumpa mtu wa nje ya idara kazi ya kupanga ngazi za chini, na kumtaka mkuu wa idara aeleze kwa maandishi kila alichokiweka juu ya huduma hiyo.

Inapofaa, hufaa sana: mji ulioingia nakisi kubwa, au idara ambayo kazi yake imebadilika huku bajeti yake ikibaki ileile. Matumizi yake bora ni ya zamu, moja ya tano ya idara kila mwaka, ili kila idara ichambuliwe hadi mzizi mara moja katika miaka mitano na nyingine ziendelee na vifungu.

Bajeti shirikishi

Porto Alegre, Brazili, ilianza mwaka 1989, na tangu hapo wazo limesambaa duniani. Paris iliianzisha mwaka 2014. Wakazi hutoa mapendekezo kwenye mikutano, wataalamu wa mji hukadiria gharama na kuondoa yasiyowezekana, wakazi hupiga kura, na miradi iliyoshinda huingia kwenye bajeti inayopitishwa na baraza. Porto Alegre iligawa fedha kati ya maeneo kwa kuangalia idadi ya watu, upungufu wa huduma na vipaumbele vya wakazi, ili eneo lenye watu wengi wenye sauti lisimeze mengine. Mji unaoiga kura bila kuiga kigezo cha upungufu huishia kupeleka fedha kwenye mitaa iliyojipanga vizuri zaidi.

Hii haishindani na njia nyingine tatu. Inakaa juu ya mojawapo, kwa sehemu ya fedha za maendeleo iliyotengwa mapema. Itangazwe kiasi kabla ya mkutano wa kwanza. Ukiwaita watu watoe mapendekezo bila ukomo, utapata orodha ya mahitaji ya miaka ishirini na huzuni ya mwaka mmoja.

Kuna mambo mawili yanayoiangusha. La kwanza ni makadirio ya gharama ya haraka kabla ya kura: mradi unashinda kwa milioni 5, michoro ikikamilika unagharimu 9, na fedha hazipo. Tenga 15% hadi 20% ya fungu lote kwa ajili ya tofauti hizo. La pili ni gharama za uendeshaji. Choo cha umma kilichojengwa kwa kura kinahitaji mlinzi, maji na msafishaji kila mwaka, na kama kiasi hicho hakikuandikwa kwenye karatasi ya kura, kitafungwa kwa kufuli ndani ya muda mfupi. Ratiba ya utekelezaji ya kila mradi ulioshinda ibandikwe palepale kura ilipopigwa.

Uwasilishaji ni uamuzi wa pili

Watu wengi huchanganya njia ya kuandaa na namna ya kuwasilisha. Unaweza kuandaa kwa vifungu na kuwasilisha kwa huduma. Ufaransa imeliweka hili kwenye sheria: miji yenye wakazi 10,000 na zaidi huchagua kupigia kura bajeti kwa aina ya matumizi au kwa kazi, na vyovyote itakavyochagua, lazima iambatanishe jedwali la upande wa pili. Mji usio na msimbo wa programu unaweza kuandaa jedwali kama hilo la makadirio, ukurasa mmoja, na kuandika wazi kwamba mgawanyo ni wa makisio.

GFOA, ambayo tangu mwaka 1984 hutoa tuzo ya uwasilishaji wa bajeti, hukipima kitabu kwa kazi nne: tamko la sera, mpango wa fedha, mwongozo wa utendaji na chombo cha mawasiliano. Vitabu vingi vya miji hufanya kazi ya pili pekee.

Katika majedwali, safu zinazowekwa huamua kinachoonekana. Kifungu kilichopitishwa mwaka huu kwa 100, pendekezo la mwakani 102: ongezeko la 2%, hakuna anayeshtuka. Lakini ikiwa matumizi yanayotarajiwa hadi mwisho wa mwaka huu ni 85, pendekezo ni ongezeko la 20% juu ya uhalisia. Kwa hiyo safu ziwe nne: halisi ya mwaka uliopita, iliyopitishwa mwaka huu, inayotarajiwa hadi mwisho wa mwaka huu, na pendekezo. Kitabu kinachoonyesha safu ya pili na ya nne pekee kirudishwe kwa aliyekiandaa.

Angalia pia hesabu zinazojirudia. Idara ya magari ikiitoza idara ya taka milioni 40 kwa matengenezo, fedha hizo huonekana mara mbili, na bajeti ya mji inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Jumla kuu itolewe baada ya kuondoa malipo ya ndani, na kiasi kilichoondolewa kitajwe.

Mchoro maarufu wa “kila 100 unayolipa inakwenda wapi” ni mzuri kwa wakazi kama unahusu mapato ya ndani peke yake. Ukichanganya na ruzuku zenye masharti, mkazi atadhani kodi yake ya majengo imejenga zahanati ambayo ililipiwa na serikali kuu, na mwaka ruzuku ikikatika atauliza kodi yake imekwenda wapi.

Kwa wakazi, toa muhtasari wa kurasa 8 hadi 12 na faili la jedwali linaloweza kuhesabiwa, lisiwe picha ya karatasi iliyopigwa chapa. Kwa baraza, mkurugenzi aeleze ndani ya dakika 20: ukubwa wa bajeti, kilichobadilika, sababu zake, na maombi ya idara yaliyokataliwa. Orodha ya yaliyokataliwa huachwa mara nyingi, ilhali ndiyo inayowapa madiwani kitu halisi cha kuamua. Kitabu kiwafikie siku 14 kabla ya kikao. Kikigawiwa mlangoni, kikao kitakuwa cha kusikiliza tu.

Mji gani uchukue nini

Mji wenye wahasibu wawili au watatu na hesabu zinazochelewa ubaki na vifungu, uviunganishe vipungue, udai kipimo na bei kwa vile vikubwa, na uongeze ukurasa mmoja wa matumizi kwa huduma. Mji wenye hesabu zilizokaguliwa bila mashaka kwa miaka mitatu mfululizo na mfumo wa hesabu unaokubali tarakimu ya ziada unaweza kuanza safari ya programu, ukichagua huduma mbili zinazohesabika kirahisi, maji na taka kwa mfano, kabla ya kugusa nyingine. Kuanzia sifuri kuwe kwa zamu, au kwa dharura ya nakisi. Bajeti shirikishi ianze pale mji unapoweza kuonyesha kwamba miradi yake ya mwaka jana ilikamilika, kwa sababu kura ya pili hudhoofika kama matokeo ya kura ya kwanza hayaonekani barabarani.

Kwa mji unaohamia programu, mwaka wa kwanza uendeshe vitabu viwili sambamba: kura ya kisheria ipigwe kwa vifungu, na programu ziambatanishwe kama taarifa. Kila robo mwaka jumla za vitabu viwili zilinganishwe. Tofauti ikizidi 2%, tarakimu za programu zinaandikwa vibaya mahali fulani kwenye hati za malipo, na kwa kawaida kosa linapatikana kwenye mishahara ya watumishi wanaohudumia programu zaidi ya moja. Hadi tofauti hiyo ishuke chini ya 2% kwa robo mbili mfululizo, baraza liendelee kupigia kura vifungu.